Khabari za Sambusa: Manda ya Mkono na Manda ya Pakiti

Nawaomba radhi wasomaji watukufu wa kitabu hiki cha ukumbusho. Katika kurasa nyingine mtasoma khabari za misikiti, za vyuo vya Kurani, na za wazee wetu waliotutangulia mbele ya haki. Na hapa mwafika penye ukurasa unaonukia vitunguu na mafuta ya moto. Huenda mtu akauliza, sambusa ina nini hata iandikiwe tarikhi? Jibu ni kwamba jambo hili lilitutia katika mzozo, na mzozo usiojulikana asili yake haumaliziki.

Katika mwezi wa Shaabani uliopita tulikaa kikao cha kupanga futari ya pamoja hapa Rubona. Vijana wetu, Mwenyezi Mungu awazidishie kheri, wakatoa shauri kwamba manda zinunuliwe tayari katika pakiti, zile zinazouzwa zimegandishwa kwa barafu, na bizari nazo zinunuliwe zilizochanganywa kabisa, ili kazi iwe nyepesi na wapishi wapate wakati wa kusali Tarawehe. Shauri lilikuwa jema kwa sura yake. Lakini katika mtaa wetu wako bibi watano ambao kila mwaka ndio wanaosukuma manda za futari, nasi huwapa kitu kidogo kama shukrani. Na kile kitu kidogo, kwa wawili kati yao ambao ni wajane, ndicho kinachonunua nguo za Idi za wajukuu. Mmoja wao aliposikia shauri lile aliinuka, akajitanda kanga yake, akatoka bila kusema neno. Kikao kikavunjika. Siku ya pili yake nikaambiwa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusomasoma, niandike khabari za sambusa tangu mwanzo, ili watu wazungumze kwa kujua. Basi nami nimeandika, na pale ninapotoa rai yangu msomaji ataiona.

Neno sambusa asili yake ni Kiajemi. Waajemi wa kale waliita sanbosag, na Waarabu wakalitamka sanbusaj. Katika karne ya 10, mjini Baghdad, mwandishi aitwaye Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu kikubwa cha mapishi ya majumba ya makhalifa wa Bani Abbas, na sanbusaj imo ndani yake. Mwanahistoria Masudi, ambaye alikuwa wa karne hiyo hiyo, asimulia khabari ya baraza la Khalifa al-Mustakfi, aliyetawala baina ya mwaka 944 na 946, ambamo waliohudhuria walisoma mashairi ya kusifu vyakula, kila mtu na chakula chake. Na miongoni mwa mashairi yale lilikuwamo moja la Ishaq bin Ibrahim wa Mosul, juu ya sanbusaj. Kumbe chakula hiki ambacho sisi twakinunua njiani katika bahasha ya karatasi kilikuwa kikiimbwa mbele ya Amiri wa Waumini.

La ajabu zaidi ni kitabu cha Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, kilichoandikwa mwaka 1226. Yeye aeleza namna ya kuitengeneza: nyama hupondwa na kukaangwa pamoja na bizari kama giligilani na bizari nyembamba, kisha huchukuliwa mkate mwembamba uliokatwa vipande virefu, nyama hutiwa ndani, mkate hukunjwa pembe tatu, hugandishwa kwa unga mbichi kidogo, hutoswa katika mafuta ya ufuta. Nilipomsomea haya bibi mmojawapo wa wale watano, aliniuliza mtu huyo aliishi mtaa gani. Nikamwambia Baghdad, miaka 800 iliyopita. Akasema basi huyo alifundishwa na mtu anayejua.

Mkate huo mwembamba ndio manda yetu. Hivyo ile njia tunayoiita ya kibibi haikuzuliwa na bibi wa Rubona wala wa Unguja. Ni ilimu iliyopita kutoka mkono hata mkono, ikavuka bahari na bara, na kila aliyeipokea aliiona kuwa ni ya nyumbani kwake.

Huko Bara Hindi ilifika mapema. Ibn Battuta alipokuwa Delhi katika karne ya 14, katika jumba la Sultani Muhammad bin Tughluq, aliletewa sambusa zilizotiwa nyama ya kusaga, lozi, jozi, pistashio, vitunguu na bizari, zikakaangwa kwa samli. Msafiri huyo huyo, kabla ya kwenda Delhi, alipita katika pwani yetu mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Naye hakuwa mtu wa kusahau alichokula. Ameandika khabari za wali uliopikwa kwa samli, za ndizi zilizopikwa katika maziwa, za ndimu na pilipili za achari, za tangawizi mbichi na maembe. Wala hakutaja sambusa. Mwenye kupenda na apime mwenyewe. Mimi naona kwamba katika siku zile sambusa haikuwa bado chakula cha kumkirimu mgeni katika pwani hii, ama sivyo wenyeji wake wasingemnyima.

Katika karne ya 19, Sayyid Said alipouhamishia ufalme wake Unguja, wakaja Waarabu wa Omani na Hadhramaut, na Wahindi wa Kachi na Gujarati, Mabohora na Makhoja na Mabaniani, kila kabila na jiko lake. Wahindi wenyewe wana sambusa za namna mbili: moja ya unga mnene, iliyosimama kama kilima, aghalabu hutiwa viazi, na nyingine ya manda nyembamba, iliyolala bapa, hutiwa nyama. Watu wa pwani waliipenda ile ya pili, na ndiyo waliyoichukua barani.

Sasa tufike kwetu. Msomaji asidhani kwamba misafara ya Waungwana iliingia Rwanda kama ilivyoingia Unyanyembe, Ujiji na Manyema. Mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuwapa wafanyabiashara wa pwani njia ya kuingia katika nchi yake; walikuwa wakiuza nguo na shanga pembezoni, kisha wakirudi. Mlango ulifunguka pamoja na Wadachi. Mwaka 1894 von Götzen alipita nchi hii kutoka mashariki hata Ziwa Kivu, na baada ya miaka michache Wadachi wakaweka vituo vya askari kando ya ziwa, Gisenyi kikiwa kimoja. Askari hao wengi wao walikuwa Waislamu, na nyuma yao wakaja wachukuzi, makarani, washona nguo na wachuuzi, waliotoka Tabora, Ujiji na Bukoba, wakizungumza Kiswahili. Mwaka 1907 Richard Kandt akaanzisha mji wa Kigali, na mwaka 1913 msikiti wa kwanza ukajengwa huko Nyamirambo. Huo ndio mwanzo wetu, nao ndio mwanzo wa sambusa katika nchi hii. Kwani mtu akihama huchukua dini yake, lugha yake na chungu chake.

Baada ya Wabelgiji kuitwaa Gisenyi mwaka 1916, hali ya Waislamu iligeuka. Waliwekwa katika mitaa yao peke yao, ile iliyoitwa kambi za Waswahili, na skuli zilizokuwa nzuri zilikuwa za misheni, ambazo mtoto wa Kiislamu aliingia kwa shida au kwa sharti asilolitaka baba yake. Mlango wa ukarani ulipofungwa, wanaume walishika usukani wa magari, cherehani, uchinjaji na biashara ndogo ndogo. Na wanawake je? Khabari zao hazikuandikwa, lakini sisi tuliozaliwa na kulelewa nao twazijua. Walipika, wakauza. Mandazi asubuhi, sambusa na kababu jioni, vitumbua siku ya Ijumaa. Watoto wengi wa jamaa yetu walisomeshwa Kurani kwa pesa zilizotoka katika kaango, na hapana bamba la shaba mahali popote linalosema hivyo.

Rubona yetu, ambayo watu wa mbali huijua kwa maji ya moto yatokayo ardhini, kwa bandari, na kwa kiwanda cha pombe kilichoanza kazi katika miaka ya mwisho ya 1950, ilipata wafanyakazi wa mishahara na madereva wa malori. Sisi hatuna haja na kinachotoka katika kiwanda kile, walakini madereva na wapagazi walikuwa na njaa kama watu wengine, na sambusa ni chakula cha mtu asiye na wakati wa kukaa. Nitaje na jambo moja la kando. Kuanzia mwaka 1963 gesi iliyomo katika maji ya ziwa ilikuwa ikivutwa hapa hapa Rubona na kupelekwa katika kiwanda kile kuchemshia maji. Na mama zetu, waliokaa hatua chache kutoka hapo, wakaendelea kupuliza makaa ya mikaratusi mpaka macho yakawa mekundu. Anayesema kwamba wapishi wa leo ni wavivu kwa kutaka wepesi, na alikumbuke hilo kwanza.

Kadhalika chakula chenyewe kilibadilika kwa kufuata nchi. Unga wa ngano ulikuwa ghali, nyama ilikuwa ya siku za sherehe, lakini viazi, vilivyoletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, viliota katika udongo mweusi wa milima ya volkano kana kwamba vimezaliwa hapo. Basi sambusa ya viazi ikawa ndiyo ya kila siku. Katika miaka ile ile ya mwisho ya 1950 wale samaki wadogo wa Tanganyika waliletwa wakatiwa katika Kivu, na leo ndio sambaza wanaovuliwa usiku kwa taa na nyimbo. Nami nimekula sambusa ya sambaza utotoni, nyama ilipokuwa haipatikani, wala sikuona kwamba nimenyimwa. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ambayo yaliondoa watu na nyumba na majiko yao pamoja, walirudi ndugu waliokuwa uhamishoni. Waliotoka Uganda walikuja na sambusa za njegere, na waliotoka Burundi, Kongo na Tanzania kila mmoja alikuja na mkunjo wake. Kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba iko sambusa moja ya asili, na nyingine zote ni bidaa.

Lakini manda ndiyo iliyobaki namna moja, na hapo ndipo penye ugomvi wetu. Nitaeleza inavyofanywa, kwani vijana wengi huila wala hawajapata kuiona ikizaliwa.

Kwa kilo moja ya unga wa ngano hutiwa vijiko viwili vidogo vya chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, maji ya nusu ndimu, na maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka yakaribie nusu lita na kupita kidogo. Hukandwa hata ukiubonyeza kwa kidole urudi wenyewe, kisha hufunikwa kwa kitambaa kibichi upumzike. Hukatwa madonge 24. Kila donge husukumwa liwe duara dogo la kiganja, hupakwa mafuta juu, hunyunyiziwa unga mkavu, na lingine hubandikwa juu yake, mpaka yatimie sita. La mwisho halipakwi. Kisha yale sita husukumwa kwa pamoja, kwa mkono usiobagua upande, yakawa duara moja pana kama sinia ndogo. Huwekwa juu ya chuma cha chapati kilicho kikavu, moto mdogo, hugeuzwa upesi. Kazi ni kuutoa ubichi tu, rangi isibadilike. Mvuke hujipenyeza baina ya tabaka na tabaka, kwani mafuta na unga vimezuia zisishikane, na hapo, zikiwa bado za moto za kuunguza vidole, hubanduliwa moja moja. Kila moja hukatwa vipande vinne. Kilo moja basi hutoa manda za sambusa 96, kama hapana iliyopasuka, na kwa bibi zetu haipasuki.

Nyama nayo ina adabu yake. Husagwa, hupikwa bila maji pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili, mpaka ikauke kabisa na kuchambuka. Hupozwa. Ndipo hutiwa vitunguu vilivyokatwa vidogo na kukamuliwa maji, kotmiri, bizari nyembamba iliyokaangwa na kutwangwa papo hapo, na ndimu. Anayetia kitunguu katika nyama ikingali motoni atapata maji, na maji ndiyo adui wa manda. Kisha mkunjo, kisha gundi ya unga na maji, kisha mafuta ambayo si makali wala si baridi. Kazi hii yote, kwa mtu mmoja mwenye mkono mwepesi, ni saa tatu kwa uchache. Futari ya watu 200 wanaokula sambusa mbili mbili yataka kilo nne za unga na zaidi. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, na uhesabu kwamba anayefanya hayo amefunga.

Sasa tuizungumze pakiti bila ya chuki.

Fikra ya kuuza chakula nusu tayari ilipata nguvu Marekani, katika miaka ya shida ya 1930. Yasimuliwa kwamba mwaka 1930 mchuuzi mmoja wa kampuni ya General Mills, Carl Smith, alipanda gari la moshi usiku akiwa na njaa, na mpishi akamletea vimkate vya moto kwa upesi uliomshangaza. Alipouliza, akaonyeshwa kwamba mpishi amekwisha changanya unga, mafuta ya nguruwe, hamira ya unga na chumvi, akauweka mchanganyiko katika barafu. Mwaka 1931 kampuni ile ikatoa Bisquick, unga uliochanganywa tayari. Wakati huo huo kampuni ya Duff ya Pittsburgh ilikuwa ikitengeneza unga wa keki wenye kila kitu ndani yake, hata mayai yaliyokaushwa. Na ilipoomba hati ya haki ya uvumbuzi iliyotolewa mwaka 1935, ilieleza kwamba wanawake wa nyumbani hupendelea kuvunja mayai mabichi wenyewe, na kwa hiyo ikayatoa mayai katika mchanganyiko. Khabari hii naiona ina maana kubwa kwetu. Kumbe hata mwanamke wa Marekani, aliyekuwa na haraka zote za dunia, alitaka abakishiwe kitu cha kufanya kwa mkono wake.

Na msomaji ameona mafuta gani yalikuwa katika mchanganyiko wa yule mpishi wa gari la moshi. Hapa ndipo jambo letu linapotoka katika wepesi na uzito likaingia katika halali na haramu. Bibi anapokanda unga mbele yako, unaona anachotia. Pakiti haina budi kusomwa. Kwa desturi ya viwanda, vitu huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Na baadhi ya pakiti za bizari za mchuzi ukizisoma utakuta zinatangulia chumvi na wanga wa mahindi, na bizari zenyewe ziko nyuma zimejificha. Huo si uharamu, ni kununua chumvi kwa bei ya bizari. Lakini ziko nambari zinazotaka uangalifu. E471 ni vitu vya mafuta vinavyosaidia maji na mafuta kushikana, navyo huweza kutoka katika mimea, au katika mnyama. E920 hutiwa katika unga ili ulainike, nayo huweza kutengenezwa kutokana na manyoya ya ndege au nywele. Nambari peke yake haikwambii imetoka wapi. Penye muhuri wa halali wa shirika linalojulikana, moyo hutulia. Penye pakiti isiyo na muhuri wala anwani, mimi siifungui katika futari ya msikiti, na hiyo ndiyo rai yangu.

Manda zenyewe za pakiti, tukisema kweli, mara nyingi ni unga, maji, chumvi na mafuta ya mimea, wala hazina la kutisha. Katika baadhi ya viwanda, uji wa unga hutandazwa juu ya pipa la chuma la moto linalozunguka, ukatoka karatasi ndefu isiyo na mwisho, ikakatwa. Ni nyembamba, ni sawa sawa, na zikikaangwa hulia mdomoni kama majani makavu. Aibu yao ni safari. Kutoka Kigali hata Gisenyi ni kilomita 150 na zaidi, katika gari la abiria, jua likiwaka. Manda zilizogandishwa huyeyuka njiani, dukani hugandishwa tena, na zikifika jikoni hushikana au huvunjika. Mwaka juzi nilinunua pakiti mbili katika duka moja, nikapata manda nzima zisizotimia kumi. Sikurudishiwa pesa.

Hata hivyo, siwezi kuwahukumu wanaozitaka. Wanawake wetu wengi siku hizi ni wachuuzi wa mpakani. Huvuka kwenda Goma kwa kile kivuko kidogo na nyanya, viazi au nyama, na kurudi alasiri miguu imevimba. Hapa petu, karibu na mstari wa ikweta, jua halitungojei kama linavyowangoja watu wa Ulaya siku za kiangazi; kiasi cha saa kumi na mbili na dakika chache limekwisha zama nyuma ya milima ya ng'ambo ya ziwa, na mwadhini anaadhini. Mama aliyefika nyumbani saa kumi na moja hawezi kusukuma manda. Tukimwambia kwamba pakiti ni aibu, tunamwambia awafuturishe watoto kwa maneno yetu. Mpaka ulipofungwa mwaka 1930 ule mwingine wa zama zetu, nikikusudia mwaka 2020 wa maradhi ya korona, wanawake hao walikosa biashara na wengine wakarudi katika kuuza sambusa. Na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipopandisha bei ya unga na mafuta, sambusa zao zikawa ndogo, na sisi wanunuzi tukawalaumu wao.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili za kikao chetu hazikulifikiri. Katika miji ya pwani, Mombasa na Unguja, wanawake wengi hawasukumi manda nyumbani, wala hawanunui za kiwandani. Hununua manda kwa mwanamke mwingine wa mtaani, aliyeifanya kazi hiyo kuwa riziki yake, khasa unapokaribia mwezi wa Ramadhani. Mnunuzi apata wepesi ule ule wa pakiti. Amjua aliyekanda, ajua mafuta aliyopaka, na akiwa na malalamiko ajua mlango wa kubisha. Tena manda hizo huweza kukaa siku mbili tatu zikifungwa vizuri mahali pa baridi, wala hazikusafiri kilomita 150. Wepesi, basi, haukuanza na kiwanda. Sisi wa Rubona tulikuwa nao bibi watano wenye ilimu hii, tukawatumia mara moja kwa mwaka, kisha tukawaza kuwaondoa na hiyo mara moja.

Niliyasema haya katika kikao cha pili, ambacho tulikifanya nyumbani kwa yule bibi aliyetoka, kwani ilitupasa sisi twende kwake. Vijana walisikiliza kwa adabu. Mmoja wao akauliza swali la haki: bibi hawa wamezeeka, na wawili mikono yao yauma, wakiondoka, nani atasukuma? Palikuwa kimya. Kisha bibi mwenyewe akasema kwamba hajapata kuletewa msichana hata mmoja afundishwe, na kwamba mwaka wa nne huu anangoja. Hakusema kwa hasira. Na sisi wazee wa kamati, ambao tuna binti na wajukuu, kila mtu alitazama chini ya miguu yake.

Yaliyoafikiwa ni haya. Futari ya pamoja itapikwa kwa manda ya mkono, na malipo ya bibi watano yatatolewa kwa hesabu ya kilo, yaandikwe katika daftari la jumuiya kama yanavyoandikwa malipo ya fundi na ya mwalimu. Bizari zitanunuliwa nzima sokoni na kusagwa pamoja mara moja, kwa mwezi mzima. Hapo vijana wamepata mchanganyiko wao tayari, na bibi wamepata bizari isiyo na wanga. Pakiti za manda hazikukatazwa katika nyumba ya mtu; ila zinazoletwa msikitini zisomwe kwanza na mmoja wa vijana wanaojua Kiingereza na Kifaransa, na hii wamekubali kuisimamia wao wenyewe. Wasichana wa chuo, walio na umri wa miaka 12 na kupita, watakwenda kwa bibi kila Alkhamisi baada ya Alasiri, na wavulana wawili wameomba nao waende, jambo lililowachekesha watu, lakini halikukataliwa.

Vipimo nilivyoviandika hapo juu nilivipata kwa kukaa jikoni na mizani, nikipima kila gao la mkono kabla halijaingia katika sinia ya kukandia, bibi alinivumilia. Wanaotaka manda kwa ajili ya nyumba zao wapeleke majina yao kwa kamati kabla ya tarehe 25 Shaabani, pamoja na unga wao au thamani yake, na waseme kama zitakuwa za nyama, za viazi au za sambaza, kwani manda ya samaki hukatwa kubwa kidogo.